Ngazi Tatu Zilizofukiwa

Kila mwaka, mvua zilipokatika, Brashi alikipaka rangi chumba cha mama yake.

Alikuwa fundi rangi. Mtaa mzima ulimwita Brashi, na hata mkewe alimwita hivyo alipomkasirikia. Siku ya kazi hiyo aliamka mapema. Alivaa suruali yake yenye madoa ya nyumba za watu, akafungua kopo la rangi ya mafuta, akapaka kuta zote nne kuanzia sakafuni hadi darini. Ilipofika adhuhuri, chumba kiling'aa kama sahani iliyooshwa.

Na kila mwaka, kabla ya miezi mitatu kuisha, ukuta wa nyuma ulivimba. Rangi ilifanya malengelenge. Malengelenge yalipasuka na kudondosha unga mweupe. Chini, karibu na sakafu, ukungu mweusi ulianza kutambaa polepole nyuma ya kabati.

Aliyejua kwanza alikuwa mama yake. Macho yake yalikuwa yamepoteza nuru miaka minane iliyopita, naye sasa aliijua nyumba kwa mkono wa kulia. Alitembea akiupapasa ukuta: kitanda, mlango, ukumbi, jiko, mlango wa nyuma. Nyumba ile ilikuwa na sheria moja kubwa. Upande wa kulia ni njia ya Mama. Hapakuwekwa kiti, ndoo wala kiatu. Mgeni aliambiwa sheria hiyo kabla hata ya kuambiwa karibu.

"Mwanangu," mama alisema asubuhi moja, kiganja chake kikiwa ukutani. "Ukuta wako umeanza tena. Umelowa kama shati la mbeba mizigo."

"Nitaupiga mkono wa pili wa rangi, mama."

"Wa pili? Mimi nimehesabu wa tisa."

Kisha akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, kilichomlazimisha kushika ukingo wa kitanda. Brashi alisimama na brashi mkononi, asijue la kufanya.

Jumapili hiyo alikuja dada yake mkubwa. Alikuwa karani wa ofisi, mwenye maneno machache na macho makali, na aliishi mbali, kwenye ghorofa ya nne. Alimsalimu mama, akamkalisha ukumbini, kisha akaingia chumbani peke yake. Punde sauti yake ikasikika.

"Brashi! Njoo uone."

Alikuwa amelisimamisha godoro. Upande ulioelekea ukutani ulikuwa na madoa ya kijani na meusi.

"Ni ukungu kidogo tu, dada."

"Kidogo? Godoro limeota ndevu, nawe unaniambia kidogo!" Aliliachia godoro, akapunguza sauti. "Sikiliza, mdogo wangu. Nilimpeleka mama kwa daktari. Amesema kikohozi hakitaisha akiendelea kulala humu, kwa sababu usiku kucha anavuta vumbi la ukungu huu. Nakupa miezi mitatu. Chumba kisipokauka, nitakuja na mkoba, nikusanye nguo zake, nimchukue."

Mama alikuwa na masikio mazuri. "Mnichukue, kwani mimi ni kiti?" aliuliza kutoka ukumbini.

"Mama, kwangu ni pakavu."

"Najua ni pakavu. Lakini kwako nitashikwa mkono mpaka msalani. Hapa natembea mwenyewe. Ukinitoa hapa, utakuwa umenizima macho mara ya pili."

"Ni afadhali kushikwa mkono kuliko kukohoa hivyo."

Wote wawili walisema kweli.

Dada alipoondoka, Brashi alikwenda stoo kuhesabu makopo yake. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, alimfuata na utepe wake wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Safari hii nitanunua rangi nzito zaidi," Brashi alisema. "Ile ya daraja la kwanza."

"Uliyonunua mwaka jana iliandikwa kwenye kopo kwamba haipitishi maji," mkewe alisema. "Nadhani ukuta wetu haujui kusoma."

"Sasa unanicheka?"

"Ningecheka kama mama hangekuwa anakohoa. Kesho namwita Timazi."

"Mwashi wa nini? Shida yetu ni rangi."

"Nguo ikichanika kila mara mahali pamoja, mimi sibadilishi uzi tu. Natazama nani anaivaa na anakaa vipi. Kesho namwita."

Timazi alikuwa mwanamke wa miaka sitini aliyejenga na kukarabati nyumba tangu ujana wake. Jina hilo alilipata kwenye kazi. Timazi ni kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi ili kupima kama ukuta umesimama wima. Watu walisema ulimi wake nao unaning'inia hivyo hivyo, haupindi kwa mtu.

Brashi alimfungulia mlango wa chumba. "Ukuta wenyewe ni huu, Fundi."

"Nitauona. Sijaja kuutazama ukuta bado. Nipeni ngazi ya mbao na ndoo ya maji."

Alipitia mlango wa nyuma hadi uani. Alipanda mpaka kwenye mfereji wa bati uliopokea maji ya paa, akamimina ndoo nzima. Maji yalikimbia vizuri mpaka kwenye kiungo kimoja kilichooza. Hapo yakatiririka ukutani, upande wa pili wa kitanda cha mama.

"Moja hiyo," alisema Timazi. Akashuka, akamimina ndoo ya pili katikati ya ua uliosakafiwa kwa zege. Wote waliyatazama maji. Yalisitasita kidogo, kisha yakaelekea taratibu kwenye ukuta wa nyumba, yakatulia hapo kama yamefika kwao.

Brashi alijikuna kichwa. Alikuwa amepita ua ule mara elfu, na hakuwahi kuliona jambo hilo.

"Zege hili lilimwagwa lini?" Timazi aliuliza.

Aliyejibu alikuwa mama. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mkono kwenye fremu. "Mwaka ule macho yangu yalipozimika. Kabla ya hapo palikuwa na ngazi tatu. Nilikuwa nashuka moja, mbili, tatu, ndipo nafika uani. Sasa sishuki hata moja. Natoka sawasawa kama natoka chumba hadi chumba."

Timazi aligeuka taratibu. "Ngazi tatu, mama?"

"Za mawe. Ya katikati imelika upande wa kushoto, maana baba mkwe wangu alikuwa akikaa hapo akivua viatu."

Timazi alipiga goti, akaugonga ukuta wa nje kwa kitako cha mwiko wake. "Basi ninyi mmeufukia ukuta mpaka kiunoni. Sakafu ya chumba na ua viko sawa. Mvua ikinyesha, udongo ulio chini ya zege hili unalowa na haupati pa kukaukia. Ukuta unaunyonya unyevu huo kama utambi unavyonyonya mafuta. Aliyeijenga nyumba hii aliiinua juu kwa ngazi tatu kwa makusudi. Nani alizifukia?"

Brashi akasema kwa sauti ya chini, "Mimi. Niliogopa mama ataanguka. Nikajaza kifusi, nikamwaga zege, nikasawazisha."

Timazi, ambaye ulimi wake haukupinda kwa mtu, safari hii aliushusha mwiko wake. "Ulifanya kwa mapenzi," alisema. "Lakini maji hayaulizi nia ya mtu."

"Wala mimi hukuniuliza, mwanangu," mama aliongeza bila hasira. "Miguu yangu ilikuwa inazijua ngazi zile. Nilihitaji kitu cha kushika tu."

Walirudi chumbani. Timazi alikwangua sehemu ya ukuta yenye ukubwa wa ukurasa wa gazeti. Chini ya rangi ya kijani palitokea ya maziwa, kisha ya bluu, kisha kijani tena. Chini ya rangi zote palikuwa na plasta ngumu ya saruji, na chini ya saruji, mawe ya zamani yaliyoshikwa kwa chokaa. Mawe yalikuwa yamelowa. Timazi akabandika kipande cha nailoni juu ya sehemu ile, akakiziba kwa utepe pande zote nne.

"Tukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wetu, unyevu unatoka hewani, labda chumba hakipati hewa. Yakitokea upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Usitibu kabla ya kujua."

Baada ya siku mbili, nailoni ilikuwa na matone upande wa ukutani, mazito kama jasho. Upande wa chumbani nao ulikuwa na umande mwembamba.

"Pande zote mbili," Timazi alisema. "Maji yanaingia kutoka nje, na hewa haitoki. Yale matundu ya hewa kule juu mliyaziba?"

"Tuliyaziba kwa boksi," mke wa Brashi alikiri. "Mbu walikuwa wanaingia."

"Mtayafungua na kuyawekea wavu. Mbu atabaki nje na hewa itapita. Sasa wewe, Brashi, sikiliza vizuri, maana hapa nakuja kwenye kazi yako. Nyumba hizi za mawe na chokaa zilijengwa zikijua kwamba zitalowa kidogo na kukauka. Chokaa huruhusu unyevu upite na kutoka. Saruji yako na rangi yako ya mafuta haziruhusu."

"Rangi yangu ni nzuri," Brashi alijitetea. "Haipitishi tone."

"Ndiyo shida yenyewe! Haipitishi tone kuingia, wala haipitishi tone kutoka. Umeuvisha ukuta koti la mvua ukiwa tayari umelowa. Wewe hata mgonjwa ungempaka rangi, ukatangaza amepona."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Brashi naye akatabasamu, ingawa maneno yale yalimchoma. Miaka minane. Makopo tisa.

Kazi ilianza Jumatatu. Mama alihamia chumba cha kushonea, na mkewe Brashi akakiweka cherehani chake ukumbini. Kwanza walibadilisha kiungo kilichooza cha mfereji wa bati. Kisha Brashi alichukua nyundo nzito, akaanza kulivunja zege lake mwenyewe. Siku ya nne, chini ya kifusi, ncha ya sururu iligonga jiwe. Alipiga magoti, akafukua kwa mikono. Ilikuwa ngazi. Chini yake ilitokea nyingine, iliyolika upande wa kushoto, kama mama alivyosema. Alikaa juu yake kwa muda.

Vipande vya zege havikutupwa. Timazi aliwaonyesha jinsi ya kuchimba mtaro mfupi kandokando ya ukuta, wenye mteremko wa kwenda mbali na nyumba. Walitandika vipande vile chini na kokoto juu, ili maji ya mvua yashuke na kuondoka. "Mbona tununue mawe wakati tuna mawe?" alisema. "Nyumba ya zamani ina nusu ya vifaa inavyohitaji. Kazi ni kuvitafuta."

Kukwangua rangi kulikuwa na masharti yake. Brashi alichukua msasa, akataka kuanza na fremu ya dirisha. Timazi akamshika mkono.

"Fremu hii ina umri gani?"

"Ya babu."

"Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usipige msasa mkavu. Lowesha kwanza, kwangua ikiwa na maji, vaa barakoa, tandika turubai chini. Watoto wa jirani wasikanyage hapa. Na vumbi usilifagie, lifute kwa kitambaa chenye maji."

"Miaka ishirini napiga msasa mkavu," Brashi alisema polepole.

"Basi leo ni siku nzuri ya kuacha."

Waliibandua plasta ya saruji kwa tindo na nyundo, polepole, ili mawe yasivunjike. Ukuta ulibaki uchi, mweusi chini, wa kijivu juu. Matundu ya hewa yalifunguliwa na kuwekewa wavu. Dirisha liliachwa wazi mchana. Kisha Timazi akafunga mfuko wake wa vifaa.

"Sasa fanyeni kazi ngumu kuliko zote," alisema. "Msifanye kitu. Subirini ukauke."

Wiki ya kwanza ilipita, ikaja ya pili. Kila asubuhi mama alikuja kuupapasa ukuta, akatoa taarifa kama mtangazaji wa redio. "Leo juu ni pakavu. Kifuani bado. Chini ni vilevile." Kikohozi chake kilianza kupungua, kwa kuwa hakulala tena kwenye ukungu. Lakini wiki ya saba, mstari mweusi wa chini ulikuwa bado unaonekana, na dada alipiga simu kutaja siku atakayokuja.

Kesho yake asubuhi, Brashi aliingia chumbani peke yake. Mkononi alikuwa na kopo moja lililobaki. Mkono mmoja tu wa rangi, alifikiri. Dada ataona ukuta unang'aa. Ataondoka. Halafu nitaendelea kuukausha taratibu. Akakifungua kifuniko kwa bisibisi.

"Nasikia harufu," mama alisema mlangoni.

Brashi hakugeuka.

"Mwanangu, mwenye macho ni dada yako. Huyo utamdanganya. Lakini atakayelala humu ni mimi."

"Mama, akija akaona ukuta huu ulivyo, atakuchukua."

"Labda atanichukua. Lakini nikibaki kwa sababu ya rangi, nitarudi kukohoa, na hapo hatauliza mtu."

Brashi alikitazama kile kijani kilichong'aa ndani ya kopo. Alikuwa amekiamini maisha yake yote. Akakirudisha kifuniko, akakigonga kwa kiganja mpaka kikashika.

"Chini pakoje leo?" aliuliza.

Mama aliinama, akapapasa. "Leo pana baridi, lakini mkono haulowi."

Wiki ya tisa, Timazi alirudi. Alichanganya chokaa iliyolowekwa na mchanga safi, akawavisha glavu na miwani wote waliokuwepo. "Chokaa mbichi huchoma ngozi, na ikiingia jichoni ni hatari kubwa," alionya. "Ikikurukia, osha kwa maji mengi papo hapo, kisha nenda hospitali." Walipaka tabaka nyembamba, wakasubiri, wakapaka nyingine. Kila siku Brashi aliinyunyizia maji kidogo ili isikauke kwa haraka na kupasuka. Mwisho alipewa kazi aliyoijua: kupaka maji ya chokaa kwa brashi pana. Hayakung'aa. Yalikuwa meupe, matulivu, na mwanga wa dirisha uliyagusa ukasambaa chumbani hata mkewe akaona anaweza kutunga uzi kwenye sindano bila kuwasha taa.

Upangaji wa chumba ulikuwa kazi ya mkewe. Mgongo wa kabati la zamani ulikuwa umeoza, lakini mbao za mbele zilikuwa nzima. Walizikata, wakatengeneza rafu ya wazi yenye miguu, wakaisimamisha upana wa kiganja kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma yake. Kitanda kilihamia ukuta wa ndani. Godoro lenye ukungu liliondolewa, na mama akapata jipya. Mbao ndefu ya kitanda cha babu ililainishwa na kufungwa kando ya ngazi za nyuma, upande wa kulia, iwe mahali pa kushika.

Dada alikuja siku aliyoitaja. Begani alikuwa na mkoba mkubwa, mtupu. Aliingia chumbani na kutazama kila upande.

"Mbona haking'ai?" aliuliza.

"Hakitang'aa tena," Brashi alijibu.

Ukutani, karibu na sakafu, palikuwa na kipande cha nailoni kilichobandikwa siku mbili zilizopita. Timazi, aliyekuwa amekuja kuukagua ukuta, alimwambia dada akibandue mwenyewe. Dada alikibandua, akakipitisha kidole. Kilikuwa kikavu, isipokuwa kwenye kona moja ya chini, ambapo palikuwa na umande mdogo.

"Hapa bado," dada alisema mara moja.

"Hapo bado," Timazi alikubali. "Ukuta mnene uliolowa miaka minane haukauki kwa miezi mitatu. Kona hiyo itachukua msimu mwingine. Lakini maji mapya hayaingii, na yaliyomo yana njia ya kutoka. Ndiyo maana kitanda hakiko hapo."

Dada alimtazama mdogo wake. "Ungeweza kupaka rangi juu yake. Nisingejua."

"Ningeweza," Brashi alisema. "Nilikaribia."

Mama alikuwa ameketi kitandani. Dada alikaa karibu naye, akamsikiliza akipumua, kama mtu anayesubiri kusikia kitu. Walikunywa chai. Walizungumza habari za watu. Saa nzima ilipita, na kikohozi hakikuja.

Dada aliposimama kuondoka, mama alisimama pia. "Nikusindikize," alisema. "Pitia mlango wa nyuma."

"Mama, nikushike mkono."

"Kaa kushoto kwangu. Kulia ni njia yangu."

Mkono wake ulipita juu ya ukuta mweupe, ukapita mlango, ukumbi, jiko, ukafika kwenye fremu ya mlango wa nyuma. Hapo ukaishika mbao ya babu. Mama akanyoosha mguu mmoja, taratibu.

"Moja," alisema. "Mbili. Hii ndiyo ile iliyolika. Tatu."

Alifika uani. Alimkumbatia binti yake, akamwambia afike salama, akageuka na kupanda tena peke yake mpaka ndani. Dada alibaki amesimama chini ya ngazi, mkoba mtupu begani, akimtazama mpaka alipoingia. Kisha akauvua mkoba, akaukunja mara mbili, akautia kwapani.